Safu ya Pili

Nilinunua daftari la miraba
kwenye duka la bandarini, hapa Klaksvík,
nikachora mstari katikati kwa rula:
kushoto nilichokula, kulia tumbo lilichojibu.

Jumatatu. Uji wa shayiri, umechujwa. Kimya.
Jumatano. Kabichi, vijiko vitatu tu, kwa ubishi.
Mara sita chooni kabla ya saa tano usiku.
Ijumaa. Samaki mweupe bila ngozi, kiazi bila ganda.
Kimya, kimya, na usingizi wa kitoto.
Jumapili. Mkate mweusi wa shangazi Billa, wenye mbegu.
Kulia hakuna neno. Sikuweza kushika kalamu.

Muuguzi Rannvá hakuniahidi kitu.
Hakuna chakula kinachoponya haya, alisema,
dawa ni dawa, sindano yako usiikose;
ila kuna vinavyochokoza na kuna vinavyosamehe,
na kila utumbo una kamusi yake.
Andika hata siku za aibu.
Hasa siku za aibu.

Wapo wasemao mgonjwa haulizwi uji.
Mimi naulizwa, kila asubuhi,
na mtu asiye na sura aliyekaa chini ya kitovu:
Huu? Una hakika?
Na nikikosea jibu, ananishikisha adabu hadi alfajiri.

Basi nikajifunza kula, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja.
Nikamenya karoti taratibu
kama anayemvua mtoto makoti ya baridi.
Nikatema maganda ya njegere kando ya sahani,
mbele ya wageni.

Baba hakulielewa jambo hili.
Kila Oktoba Hanus huning'iniza mapaja ya kondoo
kwenye banda la mbao lenye nyufa za makusudi,
upepo wa chumvi uyapekue wiki baada ya wiki
mpaka nyama iote ukungu, itoe ile harufu
ambayo kwa mgeni ni uvundo na kwetu ni heshima.
"Babu zako walikula hii wakapiga makasia," alisema.
"Wewe, Sunnvá, unakula chakula cha kibogoyo."
Nikacheka, maana ni kweli,
na kucheka kukaniuma kulia, chini,
palepale.

Usiku wa Krismasi aliikata nyama nyembamba kama karatasi,
akamgawia kila mtu, kwangu akapitisha sinia.
Sahani yake niliiona: viazi viwili, vimemenywa.
Nilidhani ni meno.

Januari, mvua ikija ya ubavuni,
nilifungua daftari niandike habari za ndizi
(imeiva, nusu, njema)
nikakuta mstari mwingine, umechorwa bila rula,
na mwandiko mzito wa mtu aliyezoea kuandika
kilo za chewa na majina ya meli:

Jumanne. Viazi. Damu.
Alhamisi. Kahawa, nyama. Damu.
Jumamosi. Uji wako. Kidogo.

Miaka mingapi, Baba?

Alikuwa kwenye sinki, kisu mkononi.
Ganda la kiazi lilishuka refu, halikukatika.
"Tangu kabla mama yako hajanunua ile mashine ya kufulia."
Ndivyo tunavyohesabu nyumbani kwetu,
kwa vitu vilivyokwisha kuharibika.

Kesho tunapita njia ya chini ya bahari, kwenda kwa Rannvá.
Atakaa kiti cha mbele, kiganja juu ya tumbo
kama mtu aliyeficha mkate ndani ya sweta.
Daftari nitalibeba mimi.
Chungu cha jioni tumeshapatana:
chewa, karoti, chumvi ya vidole viwili.

Banda huko nje linapiga mluzi.
Nimemwambia asiache kutundika nyama;
yupo kaka Ólavur, na wanawe wenye matumbo ya chuma.
Na ipo harufu.
Hiyo bado tunaila sote wawili,
mlangoni, tumesimama,
na hatuiandiki.