Tundu la Ukuta wa Hajati

Mchana nauza kesho kwa mita.
Naiburuta kutoka barabara ya Vurra,
nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele wa mtoto,
nazisafisha kwa spiriti, nazikata, naziunga,
na mwanga unapita humo bila kupiga hodi.
Jioni narudi Oli, chumba namba nne,
ambako hakuna waya hata mmoja
isipokuwa wa kuanikia nguo.

Mganga hajigangi, hucheka Candiru,
akikigeuza kidude chetu dirishani,
kushoto, kulia kidogo, sasa kiinue,
kiinamishe kichwa kama kuku aliyesikia mwewe.
Ayikoru ana mtihani wa jiografia.
Ramani ya Mto Naili inashuka polepole kutoka juu:
bahari, Kairo, Khartumu, Juba,
na kabla haijafika kwetu
bando limekwisha.

Nilimwomba Hajati Zamzamu, mwenye nyumba,
tundu moja tu, la kidole.
Aliupapasa ukuta kama shingo ya ng'ombe wa mahari.
"Huu nimeujenga kwa kisra, sinia baada ya sinia.
Si chekecheke huu, Onzima.
Wewe utahama. Tundu halihami."

Hilo sikuwa na jibu lake.
Waya ni kitovu, huzikwa mahali,
na mpangaji hana mahali, ana mwisho wa mwezi.
Hewa ndiyo yetu sisi:
kidude, godoro, sufuria, twende.

Watu wa mauzo walikuja kutoka Kampala na fulana mpya,
wakatukusanya, wakatangaza kuwa waya umekufa,
kesho yote itatoka angani.
Nikanyamaza. Nina kipande cha kioo kidoleni
tangu Machi, kinagoma kutoka,
na mnara ule wanaousifu, wenye taa nyekundu,
mzizi wake niliuunga mimi
nimepiga magoti topeni, mwavuli nimeufunikia mashine
na mvua nikaiachia mgongo.
Lakini pia nimeona greda likikata mtaa mzima
kwa pigo moja, siku tatu kimya,
na panya wa Mvara walivyo, ganda la waya
kwao ni tamu kuliko mahindi.
Basi msiniulize mimi nani mshindi.

Ramadhani hii mwana wa Hajati, aliye Juba,
akamtumia sahani ya kunasa setilaiti.
"Yangu haina waya," alijigamba uani,
"inaongea na mbingu yenyewe."
Nikaitwa kupanda juu ya bati.
Nikaipanga, nikaikaza, ikatulia
na uso wake mweupe usio na haya,
kisha nikashuka na kilichobaki mkononi:
mkia mweusi, mita kumi na tano,
kichwa chake kikitafuta pa kuingilia.

Hajati aliutazama mkia.
Akautazama ukuta.
Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Kumbe hata cha mbinguni kina mkia."

Nikaendelea na viatu.

"Haya, toboa. Taratibu. Usiniamshie ufa."

Keekee ililia, vumbi la matofali likanimwagikia,
jekundu, lenye joto, kama unga wa mtama
uliotoka sasa hivi kinuni.
Niliomba radhi kimoyomoyo, sijui kwa nani,
labda kwa zile sinia.
Mkia ulihitaji nusu kidole.
Nilitoboa kidole kizima.
Nusu iliyobaki nikaiziba kwa kipande cha sabuni ya mche,
nikakilainisha kwa gumba hadi kikawa sawasawa na plasta.
Saruji ilikuwepo, ndoo nzima, mlangoni.

Hajati alisogea, akainama, miwani puani.
Huyu anajua vipimo, ukuta ni wake.
Alikigusa kile kipande kwa ukucha,
akaunusa ukucha,
akaenda zake jikoni kuangalia futari.

Usiku Ayikoru aliuliza mto unaishia wapi.
Nikamwambia hauishii huku, mwanangu,
huku ndiko unakoanzia.
Lala. Ramani inakuja.