Asiyejua Kujigeuza

Debrecen haina bahari. Ina tramu, ina vumbi,
na Januari hii ina barafu mpaka kwenye kope.
Ila sebuleni kwetu, ghorofa ya nne, zipo lita mia mbili
za chumvi niliyoikoroga mwenyewe kwa mwiko,
na kioo chake kimeota kijani,
kijani kaidi: nakikwangua Jumapili,
Jumatano kimerudi na ndugu zake.

"Nunua konokono," alisema mama, macho kwenye ufumaji.
"Kazi ya kulamba mpe mwenye ulimi."

Duka la Bwana Gellért lina joto la tumbo la ng'ombe.
Miwani yangu ikafunga ukungu; akanivuta kwa mkono wa koti
hadi tangi la mwisho.

"Huyu bonge, ngumi ya mtoto, anakula kuliko wote.
Lakini ni mgeni wa arusi aliyelewa:
atapita katikati ya matumbawe yako
akiangusha kila ulichokigandisha.
Na mwani ukiisha atakufa kwa njaa,
na harufu yake ataisikia hata jirani wa chini."

"Na humu?" Niliona mchanga mtupu.
Akadondosha kipande cha uduvi.
Mchanga ukatikisika, ikachomoza mikonga myembamba,
kumi, kumi na mitano,
kama wapangaji waliosikia sufuria ikifunuliwa.
"Hawa hawagusi mwani. Hula masazo.
Mzoa taka usimdai madirisha."

Kisha akamweka kiganjani mmoja wa umbo la pia,
mwenye michirizi ya waridi, kachuchumaa ndani ya gamba.
"Akianguka chali, anatoa mguu, anajipinda, anasimama.
Chukua huyu, ulale usingizi."

"Na yule?"
Mdogo, kijivu, gamba lenye miiba butu,
nyota iliyokanyagwa.
Gellért alijikuna kiwiko penye tundu la sweta.
"Nusu bei. Anasugua kioo kama aliyeambiwa mkwe yuko njiani.
Ila akipinduka, basi.
Hajui kujigeuza. Atalala hivyo hivyo,
mguu juu, mpaka kaa ammalize."

Novemba mama alianguka bafuni kwake.
Alhamisi jioni.
Mimi nilifika Ijumaa, saa nne asubuhi, na mkate.
Alikuwa amevuta taulo akajifunika,
na neno lake la kwanza lilikuwa:
"Etelka, dari hii inataka rangi."

Nikasema, nipe wa pia, wanne.
Nikalipa. Nikafika mlangoni, mkono kwenye kitasa,
baridi tayari inanusa vidole.
Nikarudi. Nipe na yule. Wawili.

Gellért hakubisha. Alifunga mfuko kwa gazeti,
gazeti juu ya gazeti, akahesabu masharti:
dawa yenye shaba, mwiko, utawazika wote;
wala usiwamwage kama maji ya ugeni,
waonjeshe tangi lako tone kwa tone, saa nzima.
Nikapanda tramu nao kwapani, ndani ya koti,
nikisimama wima kama aliyebeba mayai.

Hao wanne wa pia siwajui hata kwa sura.
Wanazunguka, wanaanguka, wanainuka,
hakuna anayewauliza hali.

Lakini alfajiri, kabla redio haijaamka,
nasikia fimbo ya mama ikigonga sakafu ya ukumbi.
Gonga, pumzika. Gonga.
Taa ya samawati inamwosha nywele.
Anakunja mkono wa gauni, anazamisha mkono hadi kiwiko,
yeye ambaye kuoga kwenyewe bado kunamtia hofu,
anapapasa nyuma ya jiwe, anampata, anamgeuza.
"Haya. Shika kazi."

Kioo bado kina kijani pembe ya kushoto.
Sijakikwangua wiki ya tatu sasa.

Leo nililala macho, mlango wazi kidogo.
Nilimsikia akimshika muda mrefu kuliko kawaida,
maji yakichuruzika toka kiwikoni,
akimwuliza kwa sauti ya chini:
"Na dari ya kwetu, umeionaje?"