Kalamu Nyekundu

Vichupa vinane vimelala kwenye kiboksi,
vyembamba kama vidole vya mtoto mchanga.
Nyemo kanitumia, binti wa kaka, anauza duka Maskati:
“Shangazi, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.
Jaribu kwanza. Ukipenda, natuma chupa nzima.”

Desemba, Veyula. Shule imefungwa,
madaftari sitini na mawili nimeshayarudisha,
na mkono bado unawasha kusahihisha.
Nikachora jedwali: namba, siku, alama, maoni.
Kichupa kimoja kwa siku, maana pua ni mtoto wa darasa la kwanza,
ukiipa masomo mawili inasinzia.

Namba moja, ndimu.
Nilijipaka saa moja nikienda kwa fundi cherehani.
Upepo wa Dodoma haukopeshi:
saa tatu ndimu kwisha,
limebaki jasho na vumbi jekundu shingoni.
Arobaini. Anaanza vizuri, hana subira.

Namba mbili, waridi,
waridi la watu wenye maji bombani kila siku.
Sitini. Nikapunguza tano kwa maringo.

Namba tatu, moshi na ngozi. Nilifumba macho.
Tisini! Nikaongeza moja.
Mama akaingia kutoka Mvumi na ndoo ya karanga,
hata mbukwa yangu hajaitikia, akavuta hewa:
“Umeanza kufuga?”
“Manukato hayo, mama.”
“Nimelala na mbuzi tembe moja miaka kumi na mitano
nikitamani kunukia kitu kingine.
Wewe umekwenda chuo, umerudi, unawatafuta.”
Sikufuta alama.
Pembeni niliandika, kwa penseli: mzazi amelalamika.

Nne, vanila. Watoto wa jirani walinifuata hadi dukani
wakidhani nimeficha keki. Sabini.

Tano, udi. Nilioga, akabaki.
Nikafua, akabaki.
Kanga siku mbili juani, kwenye kamba, bado anaongea.
Kanisani, safu ya mbele iligeuka mara tatu,
mara ya tatu na mwinjilisti.
Bidii, themanini na tano. Nidhamu, sifuri.

Saba, sabuni tupu, kama korido ya zahanati.
Nilishampa thelathini Mama aliponishika mkono:
“Hii. Hii ndiyo harufu ya mtu aliyeoga.”
Akakifunga kwenye pindo la kanga, pamoja na nauli.
Alama ilibaki kwangu, kichupa kikaenda Mvumi.

Nane alivuja njiani. Hayupo.

Nimeruka sita, najua.

Sita nilimfungua Jumanne, saa saba mchana,
bati likilia kwa joto.
Kwanza ganda la chungwa.
Kisha chaki.
Kisha kitu kikavu, ubao uliopanguswa kwa kitambaa kibichi
ukaachwa unyonywe na jua la dirishani,
na sikio langu la kushoto likauma.

Mwalimu Sechelela. Hombolo, darasa la nne.
Alilivuta sikio hilo kila niliposema kalatasi,
akalivuta tena niliposema kalatari.
Mchana alimenya chungwa lake, moja, taratibu,
na ile wiki ambayo kwetu hapakuwashwa moto
aliacha kipande kwenye kona ya dawati langu
akapita, macho yake kwenye daftari la mwingine.

Nikashika kalamu. Nikaandika tisa, nikakata.
Nikaandika sita, nikageuka kutazama mlango,
mtu mzima mimi, miaka arobaini na saba,
mwenye funguo za stoo ya shule.
Kisanduku kile kiko wazi mpaka leo.

Jana Nyemo kapiga: “Wa kwanza nani, shangazi?”
Nikamsomea, tatu, tano, nne, hadi mkiani.
“Na sita?”
“Sita hafanyi mtihani. Anasimamia.”
Akacheka. Basi, akasema, ndiye huyo, nitume chupa nzima?

Hapana, mwanangu.
Kipande kinatosha.