Kura ya Saba

Wajumbe saba, viti sita.
Mimi katibu nimekalia kreti la soda,
daftari magotini.
Ajenda ilikuwa moja: Shaibu Nanguka.

Mwalimu Chitanda hakuzunguka.
"Pointi thelathini na moja, kule Lindi, peke yake.
Mkono wa kushoto kama ule
sijauona tangu nianze kuvaa filimbi.
Halafu mechi inaisha, anamtupia refa chupa."

"Chupa ilikuwa tupu," akasema Maulidi.
"Na begi la nauli?" akauliza Bi Somoe, mhazini.
"Nalo halikuwa tupu?"

Kimya.
Kila mtu alirudi Mnazi Mmoja kichwani mwake:
saa saba ya usiku, wachezaji tisa, mpira mmoja,
elfu tisini na sita hazipo,
na Shaibu hayupo.
Lori la salfa likatuonea huruma.
Masasi tuliingia alfajiri juu ya magunia,
manjano mpaka kope,
mbwa wa stendi wakitubwekea kama wageni.

Alirudi siku ya tatu.
Wapo wasemao gongo,
wapo wasemao deni la dada yake huko Nanyumbu.
Mwenyewe alisema neno moja, "Nitalipa,"
akalipa elfu nne.

"Mng'oeni," akasema Maulidi,
"lakini jino la pembe si dawa ya pengo."
"Pengo halinuki," akajibu Bi Somoe.
Mzee Nampunju akaleta samaki wake aliyeoza.
Nikamwandika: samaki, mara ya pili mwaka huu.

Mikono ikainuliwa.
Watatu abaki. Watatu aende.
Wakanigeukia mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika
yanayosemwa na wengine.

Nilifikiri nitaufikiria ule mtupo wa Lindi,
sekunde mbili, mwili umepinda kama mundu,
mpira ukiingia bila kuugusa ringi,
na mimi, mtu mzima, nikipiga kelele
mpaka kilemba kikaanguka.
Badala yake nikawaona watoto wa uwanjani kwetu,
wale wanaocheza na mpira wa makaratasi.
Wanajifunza mkono wake wa kushoto, ndiyo.
Lakini juzi nilimwona mmoja, hajafika miaka tisa,
amekosa, akageuka taratibu,
akamtemea mate mwenzake aliyekuwa refa.
Kageuka vilevile. Bega lilelile.

"Aende," nikasema.
Sauti ilitoka ndogo.
Mwalimu Chitanda akavua filimbi shingoni,
akaitia mfukoni kama mtu anayeficha sigara.

Barua niliiandika mara tatu.
Ya kwanza ilikuwa na hasira, ya pili ilikuwa na machozi,
ya tatu ilikuwa na muhuri.

Nilimkuta shambani kwa watu, njia ya Chiungutwa,
bomba mgongoni, anapulizia mikorosho,
kitambaa puani, macho mekundu.
Akazima mashine.
Ukimya ule ulikuwa na harufu.
"Nisomee," akasema, "salfa imeniingia."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.
Nikasoma. *Kamati imeona. Kamati imeamua.*
Kila nilipotaja kamati
nililisikia kreti la soda likilia chini yangu.
Nikafika kwenye *jezi namba kumi na moja irudishwe*
akatikisa kichwa, kama anayekubali bei.

"Umeandika wewe?"
"Mimi."
"Na kura?"
Nikaitazama mikorosho.
Hakuuliza tena.

Akaikunja barua mara nne, akaitia ndani ya kofia,
akaliinua bomba, akalitua.
"Jumamosi mnacheza na nani?"
"Nachingwea."
"Yule mrefu wao, namba saba, goti lake la kulia bovu.
Mwambie Bakili ampitie upande huo.
Asimsubiri. Ampitie tu."

Kisha mashine ikanguruma,
wingu likatufunika sote wawili.

Sikuwa na kalamu.
Nilirudi mjini nikiyarudia maneno hayo kwa sauti,
goti la kulia, goti la kulia,
nisije nikayapoteza.