Herufi Zilizofutika

Ijumaa kijumbe alinikabidhi bahasha:
laki tisa na nusu, zamu yangu ya mchezo.
Bi Chausiku akauliza, utafanyia nini?
Nikamjibu, nitanunulia mchezo.
Akadhani namtania.

Jumamosi, Kariakoo, ghorofa ya pili,
ngazi zimejaa maboksi na migongo inayoyabeba.
Faraji Ng'itu ameziweka laptopu mbili
ubavu kwa ubavu juu ya kioo,
kama mtu anayesuluhisha ugomvi.

Hii mpya. Nailoni bado imeng'ang'ania usoni,
boksi lake, chaja yake, waranti ya mwaka,
risiti ya mashine.
Nyepesi kama sinia la bati.
Nikafungua gemu la magari:
gari likaenda, likasita, likaenda,
kama mzee anayetafuta jina la mjukuu.
"Kadi yake ya picha ndogo," Faraji akasema,
"lakini mpya ni mpya, dada."

Kipya kinyemi, walisema waliosema,
na habari ya kidonda hawakuificha.

Ile nyingine ilishuka na kontena.
Nzito kama jiwe la kusagia,
kona moja imebonyea, bawaba inalalamika,
gundi imebaki pale stika ilipobanduliwa.
Herufi zote zinasomeka isipokuwa nne:
W, A, S, D.
Mtu fulani, kwenye baridi nisiyoijua,
alikimbia humu usiku mwingi
mpaka zikafutika.
Nikaingiza gari lile lile.
Likakata kona kama limetumwa dawa.
Feni ikavuma. Nikaweka kiganja:
joto la paji la mtoto mwenye homa.

Nikampigia shangazi Nambua, Mbagala.
"Kitu kilichoachwa na mwenyewe," akasema,
"kina sababu yake."
Kisha akanyamaza,
akakumbuka anaongea na nani.
Mwaka unaisha tangu nifike kwake
na begi moja na karatasi ya talaka.
"Sikukusudia..."
"Najua, shangazi."

Basi nikajihadhari.
Huruma si waranti.
Nikaigeuza tumbo juu, nikahesabu skrubu: moja haipo.
Nikaipima betri: imechoka, dakika arobaini.
Nikawasha skrini nyeupe, nikasaka madoa.
Nikaandika kila herufi, hata zile zisizoonekana.
Nikaacha gemu likimbie mpaka adhana ya alasiri,
nione kama itajizima.
Haikujizima.
Sikupimwa hivyo mimi,
nilipochukuliwa wala niliporudishwa.

"Laki nane na themanini."
"Skrubu haipo."
"Na sitini."
"Betri."
Akacheka. "Dada, wewe ni wa forodhani?"
"Wa stesheneri, Buguruni. Nachapa vyeti vya watu."
Tukagota laki nane,
na wiki mbili za kurudisha,
kwa mwandiko wake, kwenye karatasi yangu.

Usiku nikaichomeka.
Faraji aliapa amefuta kila kitu. Hakufuta.
Humo ndani kulikuwa na gemu la yule wa kwanza,
limesimama katikati ya daraja la kamba,
mvua inanyesha, mtu mdogo ana tochi,
asilimia sitini na mbili.
Sijui kwa nini aliishia pale.
Labda alipata kazi. Labda mtoto.
Labda alinunua mpya.

Shangazi akachungulia, kanga begani.
"Ndiyo hiyo?"
"Ndiyo."
"Inapiga kelele."
"Inapiga."
Luku imebaki yuniti tatu, na wote tunajua.
Nikaweka vidole pale pasipo na herufi;
palikuwa na vishimo, vidogo,
vikanipokea.
Shangazi akavuta kigoda, akakaa,
akamtazama yule mtu mvuani.
"Haya," akasema, "mvushe mwana wa watu."