Lita Moja na Nusu

Tangi lenyewe tulilishusha Jumanne.
Kutu ya kujaza karai,
na kitu cheusi kimeganda chini kama sukari guru,
kinanuka petroli iliyokata tamaa.
Waldemar akalitazama, akalipiga teke,
akaenda uani kuing'oa mashine ya nyasi kitangi chake.

Lita moja na nusu. Plastiki nyekundu.
Tukakifunga kwa waya kwenye boriti ya ghala,
juu kuliko kabureta, maana petroli haina ubishi:
hushuka, kama maji, kama lawama kazini.

Mpira tulinunua kwa Etchegaray, mita mbili,
ule unaoonyesha ndani, tuone kinachopita.
Vibana viwili. Kichujio cha karatasi
kinachoenea kiganjani kama yai la njiwa.
Kila kitu cha kuazima, cha leo tu,
cha kufunguliwa kesho bila kuombwa radhi.

Bedford hii ilibeba sufu ya watu
kutoka mashamba ya kondoo hadi stesheni ya Sarandí
tangu mimi sijaota meno.
Baba aliiegesha humu mwaka wa ukame, akasema, "Kwa muda kidogo."
Kidogo hicho kina miaka thelathini na mmoja.
Kuku wamezaliwa na kufa kwenye kiti cha dereva.

Julai, na baridi imelala ndani ya vyuma.
Waldemar anafungua koki.
Petroli inateremka shubiri mbili, inasimama.
Anapuliza. Anatukana. Anaunyonya mpira,
anatema, anatukana tena,
safari hii pamoja na mama wa aliyeutengeneza.
Anataka kufumua kabureta yote upya.

Mimi nimetundika dripu miaka ishirini na sita
wodi ya wanaume, hospitali ya Durazno,
tangu enzi za chupa za kioo.
Najua chupa isiyopumua haitoi.
Nikapanda juu ya kreti, nikalegeza kizibo nusu mzunguko.
Basi.
Uzi wa manjano ukashuka,
ukasukuma kiputo kimoja mbele yake
kama mtu na toroli lake,
ukaingia.

Hakusema asante. Alisema, "Ndiyo nilitaka kufanya hivyo."

Kabureta ikafurika, sindano yake imenata;
akaigonga kwa mpini wa bisibisi, mara mbili, taratibu,
kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.
Ikaacha kuvuja. Nikashika ndoo ya mchanga.
Akagusisha waya kwenye betri ya trekta.

Kwanza kikohozi.
Kisha ekzosi ikatema kiota kizima cha panya,
nyasi na manyoya na vipande vya gazeti,
kisha ngurumo, na ghala zima likatetemeka,
vumbi la baba likatushukia mabegani
na mbwa wa jirani wakaanza kutoa ushahidi.

Sekunde arobaini? Dakika mbili?
Waldemar alikuwa analia, au ni moshi,
sikuuliza. Macho yangu yalikuwa kwenye kitangi,
kidole kimoja kimeshuka, kidole cha pili,
na mkono wangu umeinuka wenyewe kutafuta
kile kigurudumu cha kupunguza matone.

Mpira ukabaki mtupu. Injini ikameza hewa, ikafa.

Haiendi popote. Urefu wa dunia yake
ni mita mbili za mpira. Breki hakuna.
Ekseli zimekaa juu ya matofali.
Tangi jipya, Etchegaray anasema, labda Oktoba,
akipata bati, akipata pesa zetu.

Tukanywa mate kimya, kibuyu kinakwenda, kinarudi.
Waldemar akauliza kama kuna petroli
ndani ya pikipiki yangu.
Nikamwambia ipo.
Nikamwambia pia leo ni zamu yake kupika.
Akaenda kutafuta faneli.