Kelvini Nne

Jokofu letu linaning'inia kutoka darini
kama keki ya arusi iliyotundikwa kichwa chini:
sahani tano za shaba zilizopakwa dhahabu,
kila moja baridi kuliko iliyo juu yake.
Miaka kumi na tisa nimepitisha kebo humo,
moja moja, kwa koleo na kwa pumzi:
pinda hapa, legeza pale, usiivunje shingo,
maana baridi hukaza kila kitu, na kebo iliyonyooka
hukatika usiku, na mtu asijue hadi Jumatano.

Kyubiti moja ilitaka kebo tatu. Sawa.
Kyubiti sita, kumi na nane. Sawa pia.
Walipotaja milioni nilicheka,
nikamwuliza Fenna Hoekzema kama Delft nzima
ina ukuta wa kutosha matundu hayo.
Hakucheka. Alikuwa na mkate na jibini mkononi,
mvua ikimdondoka kutoka kwenye kofia ya baiskeli.
Akasema: Gerlof, kebo zako ndizo zinazotuchoma.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Najua. Nimekipima mwenyewe.
Kila waya unaopeleka amri chini
hupeleka na uvuguvugu wa chumba hiki,
wa viganja vyetu, wa kahawa, wa Fenna akikasirika.
Barua na homa ndani ya bahasha moja.

Basi akaleta chipu, ndogo kama ukucha wa mtoto.
Itakaa kwenye sahani ya pili, akasema, kelvini nne,
itoe amri kutoka hukohuko, jirani na wanaoamriwa.
Huku juu tubaki na waya nne tu.

Nne!
Niliangalia koleo langu.

Lakini transista haikuzaliwa kwa baridi ile.
Vitabu vya kiwanda vinakoma nyuzi arobaini chini ya sifuri;
baada ya hapo kurasa ni nyeupe.
Chipu ya kwanza ililala.
Ya pili iliamka na kusema uongo.
Ya tatu ilifanya kazi, ila kwa jasho:
wati mbili, za kuwasha taa ya baiskeli,
na sahani ikapanda joto, na kyubiti kule chini
zikasahau zilichoambiwa kabla sentensi haijaisha.
Fenna alikaa sakafuni, akavua viatu,
akavitazama kama vile vimetengenezwa na mtu mwingine.

Miezi kumi na moja.
Alimfundisha karani wake wa baridini
kunyamaza kati ya neno na neno,
kutokuwaza pasipo na haja ya kuwaza.
Chipu ya saba niliifunga mimi,
skrubu nne, na grisi kiasi cha punje ya ulezi.
Ikichukua siku mbili kushuka. Pampu ikahema, chiu, chiu,
sauti ninayoisikia hata nikiwa kwa daktari wa meno.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri,
mstari wa kijani ukapanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka:
kyubiti ilikuwa ikigeuka
kwa neno lililotoka karibu nayo,
neno ambalo halikupita mikononi mwangu.
Hakuna aliyepiga makofi. Fenna alishika ukingo wa meza.
Kipimajoto kilisema nne nukta moja,
na hapo kikakaa.

Wiki iliyofuata tulilipasha jokofu, tukalifungua,
nikaanza kutoa.
Kebo kumi na nne zikaingia kwenye ndoo ya buluu
ambayo zamani tulikingia maji ya paa.
Fenna alitaka kusema jambo. Nilimwambia anipe bisibisi.

Moja nilirudi nayo nyumbani mfukoni mwa koti.
Trijntje akauliza ni ya nini, na kama itaoshwa.
Nikaiweka mezani, kando ya chumvi,
nikamwonyesha mpindo wake kwa kidole:
hapa, nikasema. Hapa ndipo ilipojifunza kutokatika.